Kutukana na Kutukania: Lugha ya Mashabiki wa Kandanda na Masikio ya Mtoto wa Hola

Kabla timu ya taifa ya Kenya haijacheza mechi ya kimataifa, wachezaji hujipanga mstari mmoja na kuimba wimbo wa taifa. Si mashabiki wengi wanaokumbuka kwamba lahani ya wimbo huo, uliotayarishwa mwaka 1963 nchi ikijiandaa kujitawala, ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, wakazi wa kandokando ya mto Tana. Mzee Meza Moroa Galana ndiye anayetajwa kuwa chimbuko lake. Sauti iliyokuwa ya mama na mtoto mchanga ilitoka Tana ikaingia viwanjani. Makala hii inashughulikia safari ya kinyume, yaani sauti zinazotoka viwanjani na kumrudia mtoto wa Tana, ambazo aghalabu hazimbembelezi.

Hola ni makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Kwa mwanahistoria, jina hilo linakumbusha tarehe 3 Machi 1959, siku wafungwa 11 wa Mau Mau walipopigwa hadi kufa katika kambi ya kizuizi iliyokuwa hapo. Kwa mwanaisimu, mji huu una mvuto mwingine. Hapa hukutana Kipokomo, ambacho ni ndugu wa Kiswahili na Kimijikenda katika kundi la Sabaki. Kiorma, ambacho ni lugha ya Kikushi iliyo karibu sana na Kioromo. Kimunyoyaya, Kiilwana na Kisomali. Katikati ya lugha hizo zote Kiswahili ndicho daraja. Mtoto wa mvuvi, wa mkulima na wa mfugaji wakikutana kucheza, hukutana katika Kiswahili. Mashabiki nao hushangilia kwa Kiswahili, wakikichanganya na Sheng na vipande vya Kiingereza vilivyookotwa katika vibanda vya kutazamia ligi ya Uingereza.

Ichukuliwe alasiri yoyote ya mechi ya vijana, jua likianza kulegea. Viwanja vingi vya miji midogo havina majukwaa wala ua. Watu wazima husimama kandokando ya mistari, na mbele yao kabisa, miguu ikigusa chokaa, huketi watoto. Hao ndio waokota mipira, hao ndio wabeba maji, na kimo chao huwaweka mbele ili nao waone. Kwa hiyo kila neno linalorushwa kutoka nyuma kumwendea mwamuzi hupita kwanza juu ya vichwa vyao. Katika uwanja mkubwa wa jijini tusi huzama ndani ya kelele za maelfu. Katika uwanja mdogo husikika herufi kwa herufi, na mtoto humjua aliyelitamka: ni jirani, ni mwenye duka, pengine ni mjomba.

Maneno yenyewe hayatajwi hapa. Msomaji anayajua, na asiyeyajua hajapungukiwa na kitu. Linalostahili kuangaliwa ni jinsi Kiswahili kinavyoyaainisha. Matusi makali kabisa huitwa matusi ya nguoni, na istilahi hiyo yenyewe ni tasfida: hutaja nguo ili isitaje kinachositiriwa na nguo. Lugha iliyolazimika kulivisha vazi hata jina la aina ya tusi imekwisha kutoa hukumu yake juu ya mahali linapofaa kusemwa.

Kuna pia somo katika kitenzi. Mtu humtukana mwamuzi, lakini aghalabu mashabiki hawaishii hapo, bali humtukania mama yake. Kiambishi cha kauli ya kutendea hapa kinafanya kazi kubwa. Katika sentensi “alimtukana” pana watu wawili. Katika “alimtukania mama yake” wamekuwa watatu, na anayevuliwa nguo ni yule asiyekuwapo, ambaye hakupuliza filimbi wala hakukataa bao. Mama huyo pengine yuko nyumbani anapika. Sarufi imemwingiza uwanjani bila ya ridhaa yake.

Lakini hesabu ya watatu haijakamilika. Erving Goffman, katika kitabu chake Forms of Talk cha mwaka 1981, alionyesha kwamba mgawanyo wa msemaji na msikilizaji hautoshi kueleza mazungumzo, kwa sababu wako pia wasikiaji wasiokusudiwa. Mtoto aliyeketi mstarini ni msikiaji wa aina hiyo. Hakuna anayemsemesha. Shabiki akiulizwa atajibu kwa unyofu kabisa kwamba hakuwa anazungumza na watoto. Ndivyo ilivyo, ila watoto hawajifunzi lugha kutokana na yale wanayoambiwa peke yake. Sehemu kubwa huipata kwa kusikia wakubwa wakisemezana wao kwa wao.

Hali huwa nzito zaidi tusi linapogeuzwa wimbo. Tusi la mtu mmoja hutamkwa likapita. Wimbo wa mashabiki una mwimbishaji na waitikiaji, una mizani michache, una takriri na mara nyingi una vina. Mwalimu yeyote wa chekechea atautambua muundo huo papo hapo, kwani ndio anaoutumia kuwafundisha watoto siku za juma na kuhesabu. Umbo la wimbo wa matusi na umbo la wimbo wa darasa la kwanza ni umbo moja, na mtoto, ambaye amezoezwa kuitikia kila anaposikia sauti ya mwimbishaji, huitikia. Hutangulia kuwa na sauti, kisha kibwagizo, na maana humjia nyuma sana, pengine baada ya miaka miwili au mitatu. Kufikia hapo neno limekwisha kuwa lake.

Hapa ndipo wengi hujitetea kwamba mtoto asiyejua maana hadhuriki. Hoja hii ina ukweli kiasi, lakini inasahau hali ya lugha nyingi. Mwaka 2004 Jean-Marc Dewaele alichapisha utafiti uliowahusu watumiaji wa lugha zaidi ya moja, na akaonyesha kwamba kwa kawaida maneno ya mwiko huhisiwa kuwa na nguvu zaidi katika lugha ya kwanza ya msemaji kuliko katika lugha alizojifunza baadaye. Matokeo hayo yakielekezwa Hola, picha yake inatisha kidogo. Kijana ambaye asingethubutu kulitamka tusi la nguoni kwa Kiorma au kwa Kipokomo mbele ya babake, huliimba kwa Kiswahili bila ya kuona haya, na kwa Kiingereza akiona fahari. Kwake neno ni jepesi. Lakini mji wa Hola una pia watu ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani. Neno lililotoka kinywani likiwa na uzito wa unyoya laweza kulifikia sikio likiwa na uzito wa jiwe. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Yamkini Kiswahili kinageuzwa jaa la matusi kwa sababu tu kila mtu anadhani si cha mama yake.

Utetezi wa pili ni kwamba huo ni utani tu. Hoja hii inastahili heshima, kwa kuwa Afrika Mashariki ndiyo iliyoupa mchezo wa mpira istilahi hiyo. Yanga, iliyoundwa mwaka 1935, na Simba, iliyoundwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi. Nchini Kenya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mechi ya mashemeji, kwa kukumbuka jinsi Waluo na Waluhya walivyooana. Majina yote mawili yamechotwa katika ujamaa, na si kwa bahati. Utani wa asili ni mkataba. Anayeruhusiwa kutania anajulikana, anayetaniwa anayo haki ya kujibu, na mambo yasiyoguswa yanajulikana na pande zote. Mtani ndiye anayeweza kumkejeli marehemu mazishini, na ndiye huyo huyo anayefika kusaidia kuchimba kaburi. Shabiki anayemtukania mwamuzi mama yake hana mkataba wowote naye. Mwamuzi hawezi kumjibu. Na baada ya mechi hakuna kaburi watakalochimba pamoja. Kuliita jambo hilo utani ni kuazima nguo isiyokutosha.

Dai la “hatuna maana mbaya” limekwisha kujaribiwa kwingineko. Kwa miaka mingi mashabiki wa Mexico wamekuwa wakimpigia kipa wa upande wa pili ukelele wa neno moja la kuwadhalilisha mashoga kila anapopiga mpira wa goli. Walisisitiza kwamba neno hilo uwanjani halina maana ile, kwamba ni desturi tu, na familia nzima, watoto wakiwemo, ziliitikia. FIFA haikukubali. Shirikisho la Mexico lilitozwa faini mara kwa mara, na mnamo Juni 2023 mwamuzi aliikatiza mechi ya Mexico na Marekani huko Las Vegas kabla ya muda wake kwisha kwa sababu ya ukelele huo. Faini hazikuuzima. Kibwagizo kilichoingia utotoni hakifutwi kwa barua ya shirikisho.

Kuna aina moja ya tusi ambayo kwa Tana River si suala la adabu tena, nayo ni ile inayolenga kabila. Mnamo Agosti 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yalizuka katika eneo la Delta ya Tana, upande wa Garsen, na kufikia Januari 2013 zaidi ya watu mia moja walikuwa wameuawa, wanawake na watoto miongoni mwao. Aliyekuwa na umri wa miaka minane wakati huo sasa ni mtu mzima, na pengine ndiye anayesimama nyuma ya watoto wa leo mstarini. Mapigano hayo yalihusu ardhi, malisho, maji na siasa. Hakuna anayedai kwamba yaliletwa na mpira. Lakini jina la dharau la kabila ni neno ambalo hubeba kumbukumbu, na timu za vijiji aghalabu hujulikana kwa makabila ya vijiji hivyo. Shabiki akiimba jina hilo kwa sababu winga wa upande wa pili amempita beki wake, hamtaji winga tu. Mtoto anayeitikia hujifunza kwamba jirani yake ana jina jingine, ambalo husemwa watu wanapokuwa wengi.

Sheria imeliona hili kwa sehemu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaharamisha maneno ya vitisho na matusi yanayokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma za kisaikolojia. Uingereza ilikwenda moja kwa moja: sheria yake ya makosa ya kandanda ya mwaka 1991 inataja nyimbo chafu na za ubaguzi viwanjani kuwa kosa. Lakini polisi wa Hola hawatakuja kumkamata mjomba mtu kwa sababu ya kibwagizo, na pengine ni vyema wasije.

Kanuni za mchezo nazo zinafika nusu ya njia. Sheria ya 12 ya kandanda inaamuru mchezaji anayetoa matusi aonyeshwe kadi nyekundu, na tangu mwaka 2019 makocha nao huonyeshwa kadi. Kwa mashabiki hakuna kadi. Sheria ya 5, hata hivyo, inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mchezo kunapotokea uingiliaji kutoka nje, na katika mechi za vijana mamlaka hayo yanatosha ikiwa mwamuzi ana moyo wa kuyatumia. Mpira ukisimama kwa dakika tatu na kila mtu akajua sababu yake, waimbaji hutazamana.

Ila mwamuzi ndiye anayetukanwa, na ni vigumu kumtwisha yeye peke yake kazi ya kuilinda heshima ya mama yake. Anayefaa kuangaliwa zaidi ni mwimbishaji. Kila kundi la mashabiki lina mmoja au wawili, vijana wenye koo na wepesi wa kubuni, ambao bila ya wao nyimbo haziinuki. Hawa ni malenga wasiojua kwamba ni malenga. Na Pwani hii haijawahi kukosa mifano ya kuwapa. Jirani tu, huko Lamu, wakazi wa mitaa ya Mkomani na Langoni walishindana kwa ngoma na kwa beshi za beni, wakirushiana tungo za kuaibishana. Walichoma, tena walichoma sana, lakini walichoma kwa fumbo. Fumbo hufumbiwa mjinga, na mwerevu huligangua. Aliyelengwa alijua kwamba amepigwa, hadhira ya watu wazima ilicheka, na mtoto aliyekuwa amesimama kando alisikia wimbo wa samaki, wa chombo kilichopasuka au wa jogoo asiyewika. Katika utaratibu huo tofauti ya umri imejengwa ndani ya lugha yenyewe, na haihitajiki sauti ya kuwafukuza watoto uwanjani.

Beki aliyepitwa mara tatu anaweza kuimbiwa kwamba mlango wake hauna komeo. Mwamuzi aliyekataa bao anaweza kuulizwa, kwa sauti ya watu mia mbili, kama mboni zake aliziacha ng'ambo ya mto. Tungo kama hizi zinamwuma anayehusika, na mtoto akizirudia jioni nyumbani, mama yake atacheka. Vyama vya Kiswahili vya shule za sekondari, ambavyo kila mwaka hufanya mashindano ya ushairi kumbini mbele ya walimu na wageni waalikwa, havijazoea kuuhesabu ukingo wa uwanja kuwa ukumbi. Waimbishaji wengi wa mechi za vijana ni wanafunzi wa shule hizo hizo. Jumatatu wako darasani wakifundishwa jazanda.