Kusomea Audiolojia kwa Kifaransa: Yanayopaswa Kufahamika Kabla ya Kuomba Nafasi

Na Mwandishi Wetu

Mwanafunzi anayetafuta nafasi ya kusomea sayansi za afya katika vyuo vinavyofundisha kwa Kifaransa hukutana mapema na neno linaloweza kumpotezea mwaka mzima. Neno hilo ni baccalauréat. Nchini Ufaransa ni mtihani wa kumaliza sekondari, unaolingana kwa kiasi na kidato cha sita cha hapa nchini. Katika jimbo la Québec, nchini Kanada, neno hilo hilo ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Anayesoma tangazo la Montréal kwa macho ya Paris anaweza kudhani kuwa shahada ya uzamili hupokea wahitimu wa sekondari, akatuma maombi, akalipa ada ya maombi isiyorudishwa, kisha akajibiwa kwamba hana sifa.

Kwa anayetaka kuwa mtaalamu wa audiolojia, yaani taaluma ya usikivu, mkanganyiko hauishii kwenye vyeti. Jina la kazi yenyewe hubadilika kutoka nchi moja inayotumia Kifaransa hadi nyingine, na kwa jina hubadilika pia mipaka ya kazi, muda wa masomo na aina ya leseni. Makala haya yanaeleza tofauti hizo, kwa kuangalia zaidi Kanada, ambako audiolojia inafundishwa kwa Kifaransa kama taaluma inayojitegemea.

Kwanza, kazi yenyewe. Mtaalamu wa audiolojia si daktari wa magonjwa ya masikio, pua na koo, wala si muuzaji wa vifaa. Daktari hutibu ugonjwa na kufanya upasuaji. Mtaalamu wa audiolojia hupima mtu anasikia kiasi gani, katika sauti nene na nyembamba, kwa sikio lipi, na kutafuta kasoro iko wapi katika njia ndefu ya sauti: tundu la sikio, kiwambo, mifupa mitatu midogo, koklea, neva ya usikivu na hatimaye ubongo. Hupima pia kizunguzungu kinachotokana na viungo vya usawa vilivyomo ndani ya sikio, humshauri mwenye mvumo wa kudumu masikioni, huchagua na kurekebisha kifaa cha kusaidia kusikia, na humfuatilia mgonjwa kwa miaka.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ya watoto wachanga. Mtu mzima huvaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Mtoto wa wiki mbili hana namna ya kujibu. Kwake hutumika kipimo kinachonasa mwangwi hafifu ambao koklea yenyewe huutoa inapopokea sauti, jambo lililobainishwa na mwanafizikia Mwingereza David Kemp mwaka 1978. Kipo pia kipimo cha elektrodi ndogo zinazobandikwa kichwani na kusoma mwitikio wa shina la ubongo mtoto akiwa amelala. Utaratibu unaopendekezwa kimataifa ni kwamba mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma zianze kabla ya miezi 6. Sababu ya haraka hiyo ni lugha. Mtoto asiyesikia, na ambaye pia hajafundishwa lugha ya alama, hupita miaka ambayo ubongo hujenga lugha bila ya kuwa na lugha yoyote. Familia nyingi hugundua tatizo pale wenzake wanapoanza kusema naye hasemi, na mara nyingi huambiwa wasubiri, kwamba baba yake naye alichelewa kuzungumza.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma za utengamao kutokana na upotevu wa usikivu, na takribani asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linaeleza kuwa asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini zina mtaalamu wa audiolojia chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Aidha, takribani asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika: surua, rubela, homa ya uti wa mgongo, manjano makali baada ya kuzaliwa, usaha wa masikio usiotibiwa, na baadhi ya dawa zenye sumu kwa koklea zinapotumiwa bila ufuatiliaji.

Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwenye koklea mwaka 2017, huduma ambayo awali watoto waliifuata nje ya nchi. Upasuaji, hata hivyo, ni hatua ya mwanzo tu. Baada ya kidonda kupona, kifaa huwashwa na kurekebishwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, na kazi hiyo ni ya mtaalamu wa audiolojia akishirikiana na mtaalamu wa tiba ya usemi. Pasipo wao, kifaa kilichogharimu mamilioni ya shilingi hubaki kikitoa kelele tu kichwani mwa mtoto.

Sasa kuhusu masomo. Chuo Kikuu cha Montréal kimekuwa kikifundisha tiba ya usemi na audiolojia kwa Kifaransa tangu mwaka 1956. Mwanafunzi husoma shahada ya kwanza, yaani hiyo baccalauréat ya Québec, kisha huendelea na shahada ya uzamili, kwa kuwa leseni ya kazi hutolewa kwa mwenye uzamili. Kwa hesabu ya kawaida ni takribani miaka mitano. Husomwa anatomia na fiziolojia ya sikio, fizikia ya sauti, namna ubongo unavyotambua sauti, takwimu, saikolojia ya mtoto na ya mzee, maadili ya taaluma, pamoja na mamia ya saa za mafunzo kwa vitendo katika hospitali na kliniki chini ya msimamizi. Fizikia ndiyo inayowashtua wengi. Wanakuja wakitarajia masomo ya tiba, wanakutana na desibeli na logarithimu katika muhula wa kwanza.

Nje ya Québec, Chuo Kikuu cha Ottawa katika jimbo la Ontario hufundisha uzamili wa audiolojia kwa Kifaransa, ingawa jimbo hilo kwa sehemu kubwa linazungumza Kiingereza. Uwepo wa programu kama hiyo una historia ambayo mwombaji anafaa kuifahamu, kwa sababu inaeleza nini kinatarajiwa kwake. Mwezi Februari mwaka 1997, tume ya Serikali ya Ontario ilitangaza kusudio la kuifunga Hospitali ya Montfort mjini Ottawa, hospitali ya kufundishia iliyokuwa ikihudumia wagonjwa kwa Kifaransa. Wananchi waliozungumza lugha hiyo walipinga. Wakiongozwa na Gisèle Lalonde, aliyewahi kuwa meya, maelfu walikusanyika mwezi Machi mwaka huo, na shauri likafikishwa mahakamani. Desemba 2001 Mahakama ya Rufani ya Ontario iliwapa haki: hospitali haikufungwa. Hoja iliyosikika katika shauri hilo haikuhusu wagonjwa peke yao. Ilihusu pia mahali ambapo madaktari na wauguzi wangejifunza kazi yao kwa Kifaransa, kwani pasipo mafunzo, huduma hufa yenyewe kizazi kinachofuata. Baadaye ulianzishwa mtandao wa vyuo vya Kanada, uitwao kwa kifupi CNFS, unaosaidia mafunzo ya afya kwa Kifaransa katika majimbo ambayo lugha hiyo ni ya wachache.

Kutokana na historia hiyo, programu za aina hii zinalenga kwanza kuziba pengo la wataalamu katika jamii hizo. Nafasi ni chache, kwa kuwa kila mwanafunzi lazima apatiwe msimamizi hospitalini, na zipo programu za kitabibu nchini Kanada zinazopokea raia na wakazi wa kudumu peke yao. Swali hilo liulizwe ofisi ya udahili kabla ya kulipa chochote. Familia za Waswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda ambazo tayari zinaishi Ottawa, Gatineau au Montréal ziko katika nafasi nzuri zaidi: watoto wao wanasoma kwa Kifaransa na wanazungumza Kiswahili nyumbani.

Hata ndani ya Kanada mipaka ya kazi haifanani. Katika Québec, mtaalamu wa audiolojia hupima na kupendekeza kifaa, lakini anayeuza na kukiweka sikioni ni mtu mwingine, audioprothésiste, aliyesoma stashahada ya miaka mitatu katika chuo cha kati. Katika Ontario mtaalamu wa audiolojia anaweza kufanya yote mawili.

Nchini Ufaransa hali ni tofauti zaidi. Huko hakuna audiolojia kama taaluma moja kwa maana ya Kanada. Daktari wa masikio, pua na koo ndiye anayethibitisha tatizo. Mtaalamu wa tiba ya usemi hufundisha matamshi na lugha. Na audioprothésiste, ambaye taaluma yake inalindwa kwa sheria tangu mwaka 1967, huchagua na kurekebisha kifaa. Diploma ya Serikali ya kazi hiyo husomwa kwa miaka mitatu baada ya sekondari, na ushindani wa nafasi ni mkali. Mahitaji yaliongezeka zaidi tangu tarehe 1 Januari, 2021, ambapo aina moja ya vifaa vya usikivu ilianza kugharamiwa kikamilifu kupitia bima. Ni kazi ya heshima na yenye manufaa, lakini anayerudi nayo hajasomea yote ambayo hospitali ya hapa ingetarajia kwa mtaalamu wa audiolojia, hasa vipimo vya neva na vya usawa wa mwili. Ubelgiji nayo hutoa shahada ya miaka mitatu katika vyuo vya elimu ya juu visivyo vyuo vikuu, na yafaa kuuliza mapema namna itakavyotambuliwa nyumbani.

Suala la lugha lina uzito wa pekee katika taaluma hii kuliko katika nyingine nyingi za afya. Mfamasia anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Kifaransa cha wastani. Mtaalamu wa audiolojia humpima mgonjwa kwa maneno: hutamka au kupiga maneno yaliyorekodiwa kwa sauti inayopungua hatua kwa hatua, na mgonjwa huyarudia. Madaktari na wataalamu wanaotumia Kifaransa wana orodha zao, maarufu zaidi ikiwa ile ya Fournier yenye maneno ya silabi mbili. Mpimaji asiyetofautisha vizuri irabu za Kifaransa zinazotoka puani hawezi kujua kama aliyekosea ni mgonjwa au ni sikio lake mwenyewe. Ndiyo maana cheti cha kiwango cha B2, ambacho vyuo vingi hukitaja kama sharti la udahili, hakitoshi kliniki. Kiwango cha C1 ni cha kukusudiwa. Katika Québec, sheria ya lugha ya mwaka 1977 inataka mwanataaluma aonyeshe umahiri wa Kifaransa ndipo apewe leseni.

Orodha hizo hazitafsiriki. Neno la silabi mbili la Kifaransa likiletwa kwa Kiswahili linaweza kuwa na silabi nne, na sauti zinazopimwa hubadilika. Kumpima bibi wa Rufiji au mtoto wa Kigoma kunahitaji maneno ya Kiswahili yaliyochaguliwa kwa utafiti, yanayofahamika na wote na yenye uwiano wa sauti za lugha. Kijana anayejifunza kwa Kifaransa jinsi orodha hizo zinavyotengenezwa anaweza kurudi na ujuzi wa kuzitengeneza za kwetu, na huenda huo ukawa mchango mkubwa kuliko mashine yoyote atakayokuja nayo.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania kikwazo cha kwanza kipo shuleni. Anayesoma tahasusi ya PCB kwa kawaida hasomi Kifaransa, na anayesoma KLF hasomi Fizikia wala Biolojia. Njia inayowezekana ni kubaki na sayansi na kujifunza lugha nje ya ratiba, kwa mfano katika vituo vya Alliance Française vya Dar es Salaam na Arusha, kuanzia kidato cha tatu na si baada ya matokeo ya kidato cha sita. Vyeti vya DELF na DALF havina ukomo wa muda, tofauti na majibu ya mtihani wa TCF yanayotumika kwa miaka miwili. Kwa asiye na Kifaransa kabisa, ni vyema kusema wazi kuwa Afrika Kusini ni njia fupi zaidi: vyuo vikuu kama cha Cape Town hufundisha shahada ya audiolojia ya miaka minne kwa Kiingereza.

Ikumbukwe pia kuwa Tanzania si mwanachama wa Jumuiya ya Kimataifa ya Nchi Zinazotumia Kifaransa, hivyo ufadhili unaotengwa kwa raia wa nchi wanachama, zikiwemo Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hauwahusu raia wake. Anayekwenda Québec anahitaji hati mbili: kibali cha jimbo kiitwacho CAQ, kisha kibali cha masomo cha Serikali ya Kanada, na cha kwanza ndicho hutangulia.

Kabla ya kuondoka, mwombaji awasiliane na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuhusu utambuzi wa chuo na programu, na baraza linalosimamia taaluma husika kuhusu masharti ya usajili atakaporejea. Mtaala wa programu, wenye saa za mafunzo kwa vitendo, uhifadhiwe tangu mwaka wa kwanza pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, kwa sababu ndio utakaotumika kulinganisha kiwango cha shahada, na kuupata kutoka chuoni miaka kadhaa baada ya kuhitimu huchukua muda mrefu.