Kuuza Biashara ya Kofia: Ni Nini Hasa Kinachouzwa?

Mwenye biashara ya kofia za mkono, kama zile za Lamu na Zanzibar, anapotaka kuiacha humwambia mnunuzi: "Chukua kila kitu kwa bei moja." Neno hili "kila kitu" ndilo tunalolitazama, kwani ndani yake mna mali za namna mbalimbali na hukumu zake si moja.

Vitambaa, nyuzi na kofia zilizokwisha kushonwa havina tabu: vionekane, vihesabiwe, na aibu zake zitajwe. Ujira wa washonaji ambao haujalipwa ni deni la muuzaji. Halimhamii mnunuzi ila kwa makubaliano, na washonaji wenyewe waridhie.

Tatizo liko kwenye madeni ya wateja. Kumuuzia mtu mwingine deni la fedha kwa fedha ni kubadilisha pesa kwa pesa bila kukabidhiana papo hapo, nako ni kuingia katika riba ya nasia. Imam Nawawi katika Minhaj ameona kuwa kumuuzia deni asiyekuwa mdaiwa ni batili. Njia iliyo salama ni muuzaji abaki na madeni yake, na amfanye mnunuzi wakili wa kuyakusanya, hata kwa ujira maalumu.

Na jina la duka, je? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1409 Hijria (1988), ilipitisha kuwa jina la biashara lina thamani ya mali na laweza kuuzwa, maadamu hapana gharar wala udanganyifu. Basi anayenunua jina lililojulikana kwa kazi ya mkono, kisha akauza kwalo kofia za mashine bila kusema, amewaghushi wateja.