Maikrofoni Haikuwa na Kosa

Kikao cha Muyinga baina ya wachambuzi wa kahawa na mwajiri wao kilikuwa na jambo moja kubwa. Siku ambayo mvua imezuia kazi, mtu aliyefika asubuhi akangoja mpaka jioni alipwe nini? Mazungumzo yalichukua saa tatu, na pande zote mbili zilikubali yanaswe ili pasitokee ubishi baadaye.

Ubishi ulitokea usiku ule ule. Tulipofungua kinasa sauti, maneno yalitoka kwa mbali, kama ya mtu aliyejifunika blanketi, na juu yake ulisikika mlio wa kupasuka-pasuka kama mahindi yanayokaangwa. Pale hasa msimamizi alipozungumzia siku za mvua hapakusikika kitu. Yeye alisema aliahidi kulifikiria tu jambo hilo. Kina mama waliokuwa mezani walisema aliahidi nusu ya ujira.

Lawama zikamwangukia kijana aliyeshika maikrofoni. Ilisemwa kwamba aliiangusha ndani ya basi, na wengine katika kamati walipendekeza ailipe kidogo kidogo. Mimi nilinyamaza, na sasa naona haya kulisema, kwa maana kisanduku kilichoikuza sauti ile nilikijenga mwenyewe nyumbani Gitega. Nilikipima kabla hakijasafiri, mita ikaonyesha volti 48 kamili, nikajiona nimemaliza kazi. Hata hivyo niliomba kijana asikatwe senti mpaka kisanduku kirudi mezani kwangu. Kilirudi kwa njia ya Karuzi, kimefungwa katika gunia.

Kwanza nieleze umeme wenyewe. Maikrofoni ya kawaida ya mikutanoni, ile ya kushika karibu na mdomo, haihitaji umeme. Ile ya kuweka mezani ikasikia watu wote waliozunguka, yaani ya kondensa, haifanyi kazi bila umeme. Umeme huo unapanda kwenye waya mbili zile zile zinazoleta sauti na kurudi kwa waya wa ardhi, ndiyo maana mafundi wanauita fantomu, yaani mzuka: upo lakini huuoni waya wake. Volti 48 zilitokana na kazi ya mwaka 1966, kampuni ya Neumann ya Berlin ilipotengeneza maikrofoni kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norway. Studio zile zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa taa za dharura, basi maikrofoni ikafuata taa. Hesabu hiyo imebaki hadi leo.

Ndani ya kisanduku, volti 48 zinagawanyika kupitia rezista mbili za omu 6,800, moja kwenda pini ya 2 na nyingine kwenda pini ya 3. Pini ya 1 ni ardhi. Rezista hizo lazima zilingane sana, tofauti isizidi omu 27 hivi, la sivyo kisanduku kinashindwa kufuta mngurumo unaoingia katika waya. Nunua kumi, zipime zote, chagua mbili zilizo pacha.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilipima volti 48 wakati hakuna maikrofoni iliyochomekwa. Kupima hivyo ni kama kupima nguvu za punda kabla hajabebeshwa mzigo. Safari hii nilichomeka maikrofoni, ambayo inakula miliampea 4, nikapima tena kwenye pini. Nikapata volti 15 na kitu.

Hapa wengi wanapotea, kwa hiyo tusiende haraka. Volti kushuka kwenye pini si ugonjwa. Miliampea 4 zikipita katika zile rezista mbili zinapoteza volti 13 na nusu hivi, kwa hiyo kwenye pini ungetazamia kukuta kama 34, na maikrofoni inaridhika. Nimeona watu wakitupa transfoma nzima kwa sababu ya hizo 34. Mahali pa kutazama ni nyuma ya rezista hizo, pale umeme unapogawanyika: hapo lazima pabaki 48 hata mzigo ukiwapo. Kwangu palikuwa na 29.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji hata maikrofoni. Weka mita kwenye miliampea, gusa pini ya 2 na pini ya 1, halafu pini ya 3 na ya 1. Kila upande utoe miliampea 7. Upande mmoja ukitofautiana na mwenzake, kosa liko katika rezista au waya wa upande huo. Pande zote mbili zikipungua sawasawa, kosa liko nyuma, kabla ya njia panda. Mimi nilipata 4.2 huku na 4.2 kule.

Basi nikafuata njia kurudi nyuma mpaka kwenye rezista ndogo ya kuchuja umeme, ambayo inapaswa kuwa omu 47: manjano, zambarau, nyeusi. Niliing'oa katika redio ya zamani, na mstari wake wa tatu ulikuwa umeungua. Nilipoipima ilisema 4,700. Ule mstari ulikuwa mwekundu, si mweusi! Miliampea 4 zilikuwa zinaacha humo karibu volti 19. Ndiyo sababu ya sauti ya ndani ya blanketi.

Mlio wa mahindi uliendelea hata baada ya kubadili rezista. Nilichomeka maikrofoni ya kushika, nikazima fantomu: kimya. Nikaiwasha: mahindi. Kwa hiyo kosa lilikuwa katika kile kinachozuia volti 48 zisiingie kwenye kikuza sauti, yaani zile kapasita mbili za maikrofaradi 47. Upande wa pili wa kapasita, baada ya kungoja dakika chache, mita inapaswa kusoma karibu sifuri. Kapasita moja ilikuwa inavujisha volti moja na zaidi, ikipanda na kushuka. Niliifunga kinyume, na tena ilikuwa ya volti 25. Inayotakiwa ni ya volti 63, na upande wake wa chanya utazame maikrofoni. Nilibadili zote mbili.

Neno la usalama kwa atakayejaribu. Volti 48 hizi hazitoi zaidi ya miliampea 14 hata waya zote mbili zikigusana na ardhi, lakini upande wa pili wa transfoma kuna volti 220 zinazoua. Chomoa kwanza, ngoja kapasita kubwa ziishiwe, pima, ndipo uingize mkono. Na kabla ya kuchomeka au kuchomoa maikrofoni, teremsha sauti, zima fantomu, hesabu dakika moja.

Niliandika barua kwa tawi la Muyinga nikieleza kwamba kosa lilikuwa langu katika sehemu mbili, na kwamba maikrofoni, pamoja na kijana, havikuwa na hatia. Ilisomwa mbele ya kamati. Kikao cha pili kilipoitishwa, yeye ndiye aliyekiweka kisanduku mezani, na kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo alichomeka maikrofoni, akatoa mita mfukoni na kupima nyuma ya rezista. Ilisoma 48. Msimamizi aliuliza anafanya nini. Kina mama wakamwambia asubiri, halafu wakaanza na siku za mvua.