Kanisa lilianza kwa viti vya chekechea, sasa ni parokia

UKIKALIA kiti cha mtoto wa chekechea kwa saa mbili, magoti yakikaribia kidevu, unaanza kuelewa maana ya kujitolea. Hivyo ndivyo tulivyosali mwaka wetu wa kwanza mtaani Kitengela, katika darasa la kukodi lenye picha za matunda ukutani. Mabeste zangu wa tao walicheka sana. “Hiyo ni Sunday School ama kanisa?” waliuliza.

Leo kanisa hilo la Kianglikana ni parokia yenye vika wake. Njia ya kufika hapo haikuwa mteremko.

Kwanza, mtaa wenyewe. Kitengela ilikuwa nyanda za malisho ya Wamaasai, kando ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu takriban 58,000 mjini humo. Kufikia 2019 walikuwa wamepita 150,000. Wengi ni wafanyakazi wa viwanda vya Athi River na wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu za Nairobi. Ploti za hamsini kwa mia ziliuzwa, fleti zikaota, barabara za ndani zikabaki udongo mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha.

Kanisa mama lilikuwa mbali nasi. Familia ya watu watano ikipanda boda na matatu kwenda na kurudi, nauli inazidi sadaka. Wengi wetu tulikuwa tumeacha kwenda, tukawa Waanglikana wa Krismasi na Pasaka. Ndipo familia tisa zikaomba ruhusa ya kuanza ibada mtaani.

Usidhani mtu anaamka tu na kufungua parokia ya ACK kama kibanda cha smokie. Mnaanza kama kanisa dogo chini ya parokia iliyopo, mkiongozwa na mwinjilisti au msomaji ambaye si kasisi. Mkikua, mnaomba kujitegemea. Dayosisi inawauliza maswali magumu. Mko wangapi? Mna ardhi? Mtaweza kumlipa kasisi na kumpa nyumba? Mtaweza kutuma kota, yaani mgao ambao kila parokia hupeleka dayosisini? Askofu ndiye hutoa uamuzi na kumleta vika.

Mbona tuhangaike na hayo yote? Kwa sababu msomaji anaweza kuhubiri, lakini hawezi kuongoza Ushirika Mtakatifu. Kasisi wetu alikuwa na makanisa manne, kwa hivyo tulimwona mara moja kwa mwezi. Siku rafiki yetu mmoja alipofiwa na mamake, kasisi alikuwa akifungisha harusi upande wa pili wa kaunti. Tulisimama na familia hiyo tukiimba hadi koo zikakauka, tukimsubiri. Jioni hiyo hakuna kijana aliyeuliza tena parokia ni ya nini.

Ardhi na doo

Ploti ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa bei poa mno. Wazee walikuwa tayari kulipa arbuni. Msichana mmoja wa kikundi chetu, ambaye alikuwa akifanya kazi kwa wakili, alisisitiza tufanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kwanza. Ikabainika kwamba sehemu ya ploti hiyo ilitengewa barabara. Tungejenga, halafu tungengoja tingatinga.

Tangu siku hiyo wazee walianza kutusikiliza. Awali kamati ilikuwa na kijana mmoja tu, na kazi yake ilikuwa kupanga viti na kurekebisha spika. Sisi tukasema wazi: tutachanga, ila hesabu zisomwe. Wakatuachia uweka hazina msaidizi. Kila Jumatatu, kilichoingia kwa M-Pesa na kilichotoka kilitumwa kwenye grupu la WhatsApp, hadi shilingi ya misumari. Michango ilipanda bila mahubiri yoyote ya fungu la kumi.

Kisha ukaja mjadala uliotaka kutupasua. Mzee mmoja alipendekeza tualike mheshimiwa awe mgeni wa heshima kwenye harambee. Kwa siku moja, alisema, tungepata mabati, saruji na mabadiliko. Si vijana wote waliopinga. Kuna waliosema doo ni doo, mradi mvua isitunyeshee.

Lakini wakati ulikuwa umebadilika. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikuwa amepiga marufuku wanasiasa kuhutubia waumini katika makanisa ya Kianglikana. Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walipeleka hasira yao hadi makanisani, wakihoji bahasha za wanasiasa. Novemba mwaka huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto alitoa kwa parokia ya Soweto. Baadhi yetu tulikuwa barabarani Juni hiyo. Tungerudi vipi Jumapili kumpigia makofi mtu yuleyule?

Mkutano ulichukua saa tatu. Mwishowe tulikubaliana: harambee iwepo, mgeni wa heshima asiwepo. Hatukupata muujiza. Zilikusanywa pesa kidogo kuliko tulivyotarajia na ujenzi ukachelewa mwaka mzima. Hadi leo hatuna dari, na mvua ikipiga mabati mhubiri hulazimika kunyamaza. Mzee aliyetoa pendekezo hilo alikasirika, akakaa nje miezi miwili. Siku aliporudi, alibeba magunia mawili ya saruji kwa pikapu yake, akakaa kiti cha nyuma.

Lugha moja, watu wengi

Kule mashambani, makanisa mengi ya ACK husali kwa lugha ya mama. Kwetu kuna Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wamaasai, kwa hivyo Kiswahili ndicho kinatushika pamoja. Mwisho wa ibada, kama ilivyo katika liturujia ya Kenya iliyotoka 1989, tunanyoosha mikono kuelekea msalabani na kuzituma shida zetu huko. Darasani hatukuwa na msalaba. Fundi wa vitanda wa hapo jirani alitutengenezea mmoja kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Sasa uko mbele ya kanisa letu la mabati, na hakuna anayetaka kuubadilisha.

Siku askofu alipokuja kumsimika vika, akina mama wa Mothers' Union walijaa kwa vitambaa vyao na wanaume wa KAMA wakasimama foleni. Sisi wa KAYO tulikuwa jikoni tukipakua pilau. Wengine walinung'unika kwamba vijana hukumbukwa wakati wa sufuria. Ni kweli, bado tuna safari. Ila katika baraza la parokia sasa tuna viti vitatu.

Swali linalonisumbua ni jingine. Sisi wengi ni wapangaji. Kodi ikipanda au kazi ikiisha, tunahama. Kati ya vijana kumi na wanne walioanza nasi, watano wameshaondoka: mmoja Juja, wawili Syokimau, mmoja Nakuru, mwingine Qatar. Je, ina maana gani kujenga kanisa mahali ambapo huenda hutazeekea?

Jibu sina kamili. Najua tu kwamba kila mwisho wa mwezi, simu ya mweka hazina huita na ujumbe wa shilingi mia tano kutoka kwa yule wa Qatar, na maneno matatu ya ziada: “Ya dari, jameni.”