Skrini Moja Pale Harvard Square

Wengi wetu tumezoea kutazama filamu kwenye kompyuta, blanketi magotini. Lakini hapa Cambridge, hatua chache kutoka madarasani, Brattle bado inauza tiketi. Jengo lilifunguliwa 1890; sinema ilianza humo 1953. Skrini ni moja tu, na projekta imewekwa nyuma ya skrini yenyewe, si nyuma ya watazamaji kama kwingine.

Skrini moja ina taabu yake. Jumba lenye kumbi 12 likiletewa filamu iliyododa, huihamishia ukumbi mdogo, mambo yakaendelea. Lenye ukumbi mmoja halina pa kuihamishia. Tena, sehemu kubwa ya fedha za tiketi za filamu mpya huenda kwa wasambazaji, kwa hiyo bisi na soda ndizo zinazosaidia kulipa umeme. Anayeingia na karanga mfukoni na ajifikirie!

Brattle imepona kwa kubadilisha filamu mara kwa mara, nyingi za zamani. Tangu 2001 inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, kwa ada za wanachama na michango. Desturi yake ya kuonyesha filamu za Bogart wakati wa mitihani ndiyo iliyowafanya wanafunzi waipende Casablanca kupita kiasi.

Majestic ya Unguja, iliyojengwa upya 1955 baada ya kuungua, haikupata walezi mapema hivyo, ikafungwa miaka mingi.

Kwa hiyo tunapendekeza Ijumaa moja kila mwezi chama kiende Brattle, kila mtu na tiketi yake.