Herufi Zinapopotea Njiani

Tuseme, ndugu msomaji, wewe ni mwalimu wa hisabati huko Handeni. Umekesha ukipiga chapa mtihani wa kidato cha pili kwa kompyuta kuukuu ya shule, yenye Windows 98. Asubuhi unapanda basi, diski mfukoni, hadi Korogwe kwenye duka la kupiga chapa ambako mashine nayo ni ya umri huo huo. Karatasi ya kwanza inatoka. Mahali ulipoandika alama ya pai pana "p" tupu! Eneo la duara limegeuka fumbo, na wanafunzi wanasubiri.

Hakuna aliyeroga. Alama ile uliiandika kwa kubonyeza "p" ukiwa umechagua fonti iitwayo Symbol, ambayo huipa "p" sura ya pai na "a" sura ya alfa. Fonti, yaani mkusanyo wa sura za herufi, ni faili linalokaa ndani ya kompyuta. Waraka wako kwa kawaida husafiri na jina lake tu. Ikiwa mashine ya Korogwe haina fonti hiyo, pengine kwa sababu mtu aliifuta ili apate nafasi, huazima nyingine bila kukuuliza.

Upande wa Muheza, huko Magila, wamisionari wa UMCA walitoa gazeti la Habari za Mwezi mwishoni mwa karne ya 19. Mpanga chapa wa zama zile alizishika herufi za risasi kwa vidole vyake. Kisanduku kikiwa kitupu, alikiona. Kompyuta, ambazo serikali ilizuia kuingizwa nchini mwaka 1974, zilipokuja kwa wingi baadaye zilivificha visanduku hivyo.

Kuna na ulafi pia. Wapo wanaomimina fonti za kadi za harusi kutoka kwenye CD bila kuhesabu, ilhali Windows 95 na 98 hulemewa zinapokaribia 1,000. Ndiyo sababu wachapaji walitumia programu ya kusimamia fonti, Adobe Type Manager, iliyotoka mwaka 1989. Kifupi chake ni ATM, ila haitoi noti. Toleo la Deluxe liliwawezesha kuzigawa fonti kwa mafungu, wakawasha fungu la harusi na kulizima kazi ilipokwisha. Asiye nayo hana budi kuziweka za ziada katika folda ya pembeni, na kuingiza zile tu zinazohitajika.

Basi kabla ya kuondoka Handeni, nakili faili la fonti pamoja na mtihani. Diski ya megabaiti 1.44 hutosha. Ukifika dukani, mwombe fundi aiweke fonti kwanza, ndipo waraka ufunguliwe. Kisha achape ukurasa mmoja tu, ule wenye pai.