Nyumba ya mtafiti wa ndege Makutupora: Usianze na tofali, anza na mti

Ukipata kiwanja chenye miti Makutupora, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, fundi atakwambia ‘safisha kwanza’. Kwa mtafiti wa ndege, hapo ndipo kazi inapoharibika. Kasuku mdogo mwenye shingo ya njano, ambaye asili yake ni Tanzania pekee, hutaga kwenye matundu ya miti mikubwa kama mibuyu. Ukikata mti, umemfukuza unayetaka kumchunguza.

Basi jenga penye uwazi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na jioni lisipike vyumba. Wagogo walizuia joto kwa nyumba za tembe, zenye paa la udongo. Nawe tumia tofali za udongo zisizochomwa, maana tanuri linakula kuni.

Paa lakini weka bati. Likiwa na mita za mraba 100, milimita 1 tu ya mvua inaleta karibu lita 100 tangini.

Madirisha je? Kioo kinaakisi miti, ndege anajigonga na kufa. Funga wavu kwa nje. Nyumba ya mtafiti isiue anaowahesabu.